Kwa nini "with the seal broken" ni sawa, lakini "after the documents signed" inakatwa?

Karani_Kurasini

Wakuu, habari za kazi. Nipo kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar, upande wa makaratasi. Kazi yangu kubwa ni kuandika barua za Kiingereza kwenda kwa watu wa meli na watu wa bima, halafu majibu yakija nawaeleza wenye mizigo kwa Kiswahili. Wengine wako Mwanza, wengine Kigoma, wengine Lubumbashi, na hao wa Lubumbashi ukiwapelekea Kiingereza wanakurudishia. Wao ni Kifaransa au Kiswahili.

Wiki hii tumebishana ofisini mpaka chai imepoa mezani. Kwenye faili moja kuna sentensi hizi tatu:

"The container was received with the seal broken."

"After the documents signed, we will release the cargo."

"We refer to the container arrived on Monday."

Ya kwanza imetoka kwa watu wa meli wenyewe, hakuna anayeigusa. Ya pili na ya tatu kaandika mwenzetu, na msimamizi kazikata zote kwa kalamu nyekundu. Mwenzetu ana hoja, na mimi naona hoja yake ni ya haki. Zote tatu zina kihusishi, zina nomino, na nyuma ya nomino kuna kitenzi cha umbo la tatu, lile la "break, broke, broken" tulilokariri shuleni. "With", "seal", "broken". "After", "documents", "signed". Mpangilio ni ule ule. Moja inapita, nyingine inakatwa.

Ya tatu ndiyo imenichosha zaidi, maana kwenye barua hiyo hiyo kuna "the container opened on Monday" na msimamizi kaiacha. Kontena kufunguliwa Jumatatu ruksa, kufika Jumatatu marufuku?

Tukimuuliza anasema "haikai vizuri masikioni". Sikio lake siwezi kuliazima. Naomba mwenye kanuni anipe kanuni.

Chuma_cha_Pua

Mkuu usijichoshe. Weka "was" au "were" kila mahali utakuwa salama. "After the documents were signed". Imeisha hiyo.

MwlPangani

Mwanangu Karani, nimefundisha Kiingereza sekondari mkoani Tanga hadi kustaafu, na swali hili lilikuwa linanifurahisha kila lilipoinuliwa darasani, kwa sababu jibu lake wanafunzi walikuwa nalo tayari, kwa Kiswahili, ila hakuna aliyewahi kuwaambia walitumie.

Kwanza nimjibu ndugu Chuma cha Pua kwa heshima. Kuweka "were" kila mahali kunaokoa sentensi moja na kuharibu nyingine. Chukua "The container opened on Monday was empty." Tia "was" kama unavyoshauri: "The container was opened on Monday was empty." Sasa una vitenzi viwili vinavyogombania kiima kimoja. Na hata kwenye sentensi ya pili ya Karani, "were" haifai, maana mzigo bado haujatolewa. Ingekuwa "after the documents have been signed" au "are signed". Kwa hiyo tafuteni sababu yenyewe, msibandike tu.

Nianze na sentensi ya tatu maana ndiyo nyepesi. Ligeuze kontena kwa Kiswahili. "The container opened on Monday" ni kontena lililofunguliwa Jumatatu. "The container arrived on Monday", kama alivyotaka kusema mwenzako, ni kontena lililofika Jumatatu. Vitazame hivyo vitenzi viwili kwa makini. "Lililofunguliwa" kina -w-. "Lililofika" hakina.

Kanuni ni hiyo hiyo -w-. Umbo la tatu likikaa nyuma ya nomino ya Kiingereza na kuieleza, linabeba maana ya kutendwa. Kitu kimefanyiwa jambo: kimefunguliwa, kimepimwa, kimelipiwa, kimeshushwa. "On the goods imported in 2023" ni bidhaa zilizoingizwa. "For the vehicles inspected yesterday" ni magari yaliyokaguliwa. "By the driver hired in Morogoro" ni dereva aliyeajiriwa. Kila moja ina -w- yake. Lakini kufika, hakuna anayelifika kontena. Kufariki, hakuna anayemfariki dereva. Ndiyo maana huwezi kuandika "to the family of the driver died in the accident", japo nimeiona kwenye barua za watu wenye vyeo. Ni lazima urudishe kirejeshi: "the driver who died", "the container that arrived". Kwa hiyo kabla hujakata "who was" au "which was" ili barua iwe fupi, sema sentensi kwa Kiswahili moyoni. Ukiisikia -w-, kata. Usipoisikia, acha kirejeshi mahali pake.

Kipimo hiki kina mipaka yake na sitaki kikuponze. Kuna mambo ambayo Kiswahili kinayasema bila -w- na Kiingereza kinayasema kwa umbo la tatu. Mtu aliyevaa kanzu ni "a man dressed in a kanzu". Aliyeketi kiti cha mbele ni "the passenger seated in front". Kikombe kilichovunjika ni "a broken cup". Hayo ni ya kujifunza moja moja, si mengi.

Mpaka mwingine ni mbele ya nomino. Huko vitenzi vichache vya jambo lililokwisha kutokea vinaingia hata bila kutendwa: "a fallen tree", "an escaped prisoner", "an expired licence", "a retired teacher". Lakini vitenzi hivyo hivyo ukivipeleka nyuma ya nomino vinakataliwa. Huandiki "a teacher retired in 2015". Unaandika "a teacher who retired in 2015". Na "arrived" peke yake haitaki hata mbele. "The arrived container" hapana. Ukiipa kielezi ndipo inakubali: "the newly arrived container". Kwa nini "fallen" iingie peke yake na "arrived" isiingie, mazoea ya wenye lugha ndiyo yameamua, na mimi sitakutungia kanuni pasipo na kanuni.

Sasa "after". Hapa ndipo mwenzako alipo na hoja nzuri, na ndipo panapohitaji utulivu.

"After" Kiingereza kinaitumia kwa namna mbili: mbele ya nomino, "after lunch", na mbele ya sentensi nzima, "after we ate". Msomaji akikutana na "After the documents signed" anaisoma kwanza kwa namna ya pili, maana "signed" ina sura moja na wakati uliopita. Anasikia: baada ya nyaraka kusaini. Nyaraka zimeshika kalamu na kusaini! Hapo sikio la msimamizi wako linaumia, na lina haki.

Tuseme msomaji ni mvumilivu, akairudia kwa namna ya kwanza, "signed" ikiwa inaeleza "documents". Anapata nini? Baada ya nyaraka zilizosainiwa. Isome kwa sauti mwanangu. "Baada ya nyaraka zilizosainiwa, tutatoa mzigo." Hata kwa Kiswahili unabaki unauliza: baada ya nyaraka hizo, kumetokea nini? Kinachotakiwa ni baada ya nyaraka kusainiwa. Tofauti ya "zilizosainiwa" na "kusainiwa" ndiyo jibu la swali lako lote. "Zilizosainiwa" inajibu nyaraka zipi. "Kusainiwa" inataja tukio. Umbo la tatu nyuma ya nomino, ndani ya kirai husishi (yaani kihusishi na nomino yake), kazi yake ni ya "zipi". "After" ilitaka tukio, ikapewa karatasi.

Kwa hiyo "We have a question on the documents signed yesterday" ni safi kabisa, kwa sababu swali ni juu ya nyaraka, na "signed yesterday" inatuambia zipi. "In the documents signed", "from the documents signed", "of the documents signed", zote safi. Ukitaka tukio, Kiingereza kinakudai njia nyingine: "after the signing of the documents", "after the documents have been signed", au kwa ufupi "once the documents are signed". Tena "once" ina ukarimu, inakubali hata "Once signed, the documents will be released." "Until" nayo vivyo hivyo, ndiyo maana wanasema "innocent until proven guilty". "After" na "before" hazina ukarimu huo. "After signed" hakuna. Ni "after being signed" au "after signing".

Inabaki sentensi ya kwanza, ya sili, ile lakiri ya mlango wa kontena. Fanya jambo moja dogo: futa "broken". Inabaki "The container was received with the seal." Kontena lilipokelewa pamoja na sili yake. Umeona kilichotokea? Habari imepinduka. Kwanza ilikuwa kuna tatizo, sasa kila kitu ni salama. Halafu fanya hivyo hivyo kwa "We have a question on the documents signed yesterday." Futa "signed yesterday". Inabaki swali juu ya nyaraka. Imepungua maelezo tu, haijapinduka.

Hiyo inaonyesha kwamba "broken" pale haituambii sili ipi. Kontena halina sili kumi tuchague iliyovunjika. "Broken" ndiyo habari yenyewe: sili iko katika hali gani wakati kontena linapokelewa. Na kihusishi kinachoruhusu nomino ifuatwe na habari namna hiyo ni "with", pamoja na mpinzani wake "without". "With his hands tied." "With the engine switched off." "Without a single form signed." Ni sawasawa na "huku" yetu: huku mikono imefungwa, huku injini imezimwa. "After", "on", "for", "of" na "from" hazina ruhusa hiyo, zinachukua kitu tu.

Umepata kanuni tatu kwa mkupuo. Ukikwama wapi, uliza.

Mkalimani_Tononoka

Hamjambo wote. Mwalimu amenena. Mimi ni mkalimani mahakamani, Mombasa, na naomba niongeze jambo ambalo Kiswahili hakitusaidii kuliona, bali kinatuficha.

Sisi sifa zote tunaziweka nyuma ya nomino. Magari yaliyotumika, basi. Mwingereza ana sehemu mbili za kuliweka neno hilo, na maana inahama. "He deals in used cars" ni mtu wa magari mitumba, yale yanayoshuka bandarini kutoka Japani. "The police have pictures of the cars used" ni magari yaliyotumika katika kisa fulani, na yanaweza kuwa mapya, hata karatasi za plastiki hazijatolewa vitini. Mbele ya nomino neno linakuwa aina ya kitu. Nyuma ya nomino linakuwa tukio lililokipata kitu hicho mara moja, mahali fulani.

Kwetu mahakamani tofauti hii tunaishi nayo. Kosa la kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya linaitwa "handling stolen goods". "Stolen" iko mbele, kwa sababu inataja aina: mali ya wizi, yoyote ile. Shahidi akiulizwa ni nini kilichukuliwa dukani kwake usiku ule, swali linakuja "what was the value of the goods stolen?" Sasa ni zile zilizoibwa kwake, usiku ule, si mali ya wizi kwa jumla. Nikizitafsiri zote mbili "mali iliyoibwa" nimepoteza kitu. Ya kwanza nasema "mali ya wizi", ya pili "vitu vilivyoibwa".

Mara nyingi neno likiwa peke yake linakwenda mbele, na likiwa na mkia, kama "in transit" au "by the defendant", linakwenda nyuma. Hapo Karani tazama barua zako za bima. "Damaged goods" ni bidhaa zenye kasoro, na mtu wa bima anaweza kuuliza kama hazikuwa na kasoro tangu kiwandani. "Goods damaged in transit" inasema zimeharibika njiani. Dai lako liko kwenye huo mkia.

Lakini yako maneno yanayosimama nyuma peke yake bila mkia, na mawakili wanayapenda: "the parties involved", "the sum claimed", "the person aggrieved", "within the time allowed". Chunga sana "concerned". "A letter to the parents concerned" ni wazazi wanaohusika. "A letter to concerned parents" ni wazazi wenye wasiwasi. Nimeona tangazo la shule lililokosea hapo, na wazazi wakaja wakiuliza kuna nini.

Karani_Kurasini

Shikamoo mwalimu. Na mkalimani, ahsante sana, hiyo ya "damaged goods" nimeipeleka moja kwa moja kwenye meza ya madai.

Nimeisoma yote kwa mwenzangu aliyekatiwa sentensi, na ile ya nyaraka kushika kalamu imemwingia. Ila ameniletea nyingine tatu, naomba mwalimu uzitazame:

"In the letter referred above, you stated that..."

"With the ship arrived, we expect discharge to start tonight."

"As per the invoice attached."

MwlPangani

Marahaba mwanangu.

Ya "invoice attached" ni nzuri, na "the attached invoice" ni nzuri pia. Hapo mwachie msimamizi achague.

"In the letter referred above" imekosa "to". Ni "in the letter referred to above". Hili ni kosa la ofisi nyingi za Afrika Mashariki, na nadhani nalijua chimbuko lake. Kitenzi chao ni "refer to", na "to" ni mali ya kitenzi. Kikigeuzwa kuwa umbo la tatu kinakwenda nayo, hata kama nyuma yake hakuna nomino ya kuishika. Sisi kihusishi cha namna hiyo tumekimeza ndani ya kitenzi. Kulala kikawa kulalia, kikawa kulaliwa. Kitanda kisicholaliwa, wao wanasema "a bed not slept in". "In" imebaki mwishoni inaning'inia, na kwao ni sawa kabisa. Mizigo isiyojulikana ilipo ni "the packages not accounted for". Barua iliyorejelewa ni "the letter referred to". Mtu mwenye Kiswahili akifika kwenye "referred" anahisi neno limekamilika, maana "iliyorejelewa" imekamilika, ndipo anapoiacha "to". Kwa hiyo jiulize kila mara kitenzi hicho cha Kiingereza kinatembea na nani: "paid for", "looked after", "agreed upon", "dealt with". Anayetembea naye asiachwe njiani. "At the price agreed upon." "For the items already paid for."

Ya meli: "with" imetumika mahali pake, kwa maana ya huku. Kasoro ni "arrived", ile ile ya kwanza. Hata ndani ya "with", umbo la tatu linataka -w-: "with the ship unloaded", huku meli imeshapakuliwa, sawa. Kufika hakuna -w-. Mwambie aseme hali badala ya kitendo: "with the ship now in port" au "with the ship alongside", yaani meli imeshafunga gatini, watu wa bandari hilo wanalijua. Au aandike tu "Now that the ship has arrived". Atakuuliza mbona "with the ship gone" inapita. Inapita kwa sababu "gone" imezoeleka kama sifa, kama vile "ready" au "empty". Ni moja ya zile chache.

Tena umpe pongezi. Mtu anayekuletea sentensi nyingine baada ya kukatiwa mbili huyo anajifunza kweli.

Aliyekuwa_Seminari

Niongeze la pembeni, kwa faida ya yule mwenzako. Kosa lake la "after the documents signed" lingekuwa sahihi kabisa kwa Kilatini. Tulikisoma seminari ndogo na hapo ndipo tulipokuwa tukichanganyikiwa kwa upande wa pili.

Warumi walihesabu miaka "ab urbe condita". Neno kwa neno ni "tangu mji uliojengwa", lakini maana yake ni tangu kujengwa kwa mji, yaani Roma, ambayo kwa mapokeo yao ilianzishwa mwaka 753 KK. "Ante Christum natum" ni "kabla ya Kristo aliyezaliwa", na maana yake ni kabla ya kuzaliwa Kristo. Hakuna anayeuliza Kristo yupi. Kilatini kinaruhusu vihusishi vingi vifuatwe na nomino na umbo la kutendwa, halafu msomaji anaelewa kuwa kinachotajwa ni tukio. Ruhusa ambayo Kiingereza kimewapa "with" na "without" tu, Kilatini kimewapa wengi. Ukitafsiri "since the city founded" padri alikuwa anakurudisha ukae chini: "since the founding of the city".

Nilipokuwa nasoma jibu la mwalimu niliona kwamba hapo Kiswahili na Kiingereza ni ndugu kuliko Kiingereza na Kilatini. Hapo vyote viwili vinakigeuza kitenzi kuwa jina. Tangu kujengwa kwa mji.

Karani_Kurasini

Nimeshukuru sana. Swali la mwisho, nalo ni la kazi kabisa. Leo nampelekea mwenye mzigo wa Lubumbashi taarifa ya lile kontena. Nimeandika: "Kontena lilipokelewa na sili iliyovunjwa." Kwa kanuni ya mwalimu naona haikai. Mnasemaje?

MwlPangani

Haikai, umeona mwenyewe. "Na sili iliyovunjwa" inaonekana kama kontena na sili vimepokelewa pamoja, sili ikiwa ni mzigo wa pili. Sema "likiwa sili yake imevunjwa" au "huku sili yake imevunjwa".

Mkalimani_Tononoka

Mwalimu, kwa idhini yako, naomba nisimame kwenye "imevunjwa".

Kiingereza kimesema "broken" tu. "Broken" haisemi kama kuna mtu aliyevunja. Inaweza kuwa mwizi, inaweza kuwa kontena liligongana na jingine wakati winchi inalishusha, inaweza kuwa maafisa waliifungua kihalali kwenye ukaguzi wakasahau kuweka nyingine. Watu wa meli wameandika hivyo makusudi, wameandika hali waliyoikuta, hawakuandika kisa. Kiswahili chetu kinakulazimisha uchague. Ukisema "imevunjwa" umeleta mvunjaji. Ukisema "imevunjika" umeacha nafasi.

Mahakamani nikitafsiri ushahidi wa namna hii nikasema "ilikuwa imevunjwa", wakili wa upande wa pili anasimama hapo hapo: imevunjwa na nani, shahidi alimwona? Na shahidi hakusema hivyo, nimesema mimi. Nimejifunza kutumia kauli ya kutendeka mpaka shahidi mwenyewe ataje mtu.

Hii -w- ambayo mwalimu ametufundisha kuisikiliza, ni nzuri sana unapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Unaporudi Kiswahili, Kiingereza hakikwambii kama ilikuwepo. Unaangalia kama kuna "by" na mtu nyuma yake. "With the seal broken by customs officers", hapo andika "imevunjwa na maafisa wa forodha" bila woga. "With the seal broken" tupu, andika "imevunjika", au kama ni zile sili za chuma za kukatwa kwa mkasi, "imekatika".

Mzee wa Lubumbashi akisoma "imevunjwa" atapiga simu kuuliza mwizi amekamatwa au bado, na ofisi yako haina jibu la kumpa. Mwandikie: "Kontena lilipokelewa likiwa sili yake imekatika. Vilivyomo ndani bado havijahakikiwa."

Karani_Kurasini

Nimebadilisha. Imekwenda hivyo hivyo, na nakala ya Kiingereza ya watu wa meli nimeiambatisha chini yake.